Shemeji alinusurika Palma 2021, sasa hawezi kulala bila pombe. Tuanzie wapi?

mama_zuu

Habari za usiku wadau. Samahani ni ndefu ila naomba mnisomee mpaka mwisho maana huku niliko sina wa kumuuliza.

Nakaa Mbagala na mume wangu na watoto, na tunaishi na mdogo wake mume. Huyu shemeji alikuwa Palma, Msumbiji, alikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wao kipindi kile mradi wa gesi wa Afungi umechangamsha mji na vijana wengi wa Mtwara walivuka kwenda kutafuta maisha. Machi 2021 wale magaidi walivyoingia Palma yeye alikuwa mjini katikati. Alikimbilia porini akatembea usiku mchana anajificha mpaka akatokea mto Ruvuma miguu imevimba haingii kwenye kiatu. Mjomba hakutoka. Hayo ndo tunayoyajua, mengine hajawahi kusema na ukimuuliza anainuka anatoka nje.

Kabla ya hapo hakuwa anaigusa pombe kabisa. Sisi ni waislamu, na yeye ndo alikuwa anaadhini msikiti wa kwao alivyokuwa kijana. Alianzia Mtwara, msimu wa korosho akawa anakunywa uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, baadae nipa ambayo ni kali zaidi, alivyokuja Dar ikawa gongo na hivi vichupa vidogo vya pombe kali. Sasa hivi ni kila siku. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, akipiga kidogo inatulia anaenda kwenye kibarua chake cha kufyatua matofali, jioni anamalizia hela yote hukohuko. Hana fujo jamani, hajawahi kumnyanyulia mtu mkono, watoto wangu wanampenda na akiwa vizuri anawafundisha hesabu.

Usiku ndo mtihani. Chumbani halali, analala sebuleni mkeka kauweka mlangoni na viatu kavaa. Akipitiwa anapiga kelele kwa Kimakonde anaita majina ya watu. Bodaboda ikipasua eksozi barabarani unamkuta keshalala kifudifudi chini. Helikopta ikipita angani anakimbilia chooni anajifungia. Mwaka mpya zilivyopigwa fataki alitoweka, tukaja kumpata Kongowe asubuhi hajui amefikaje.

Mama mkwe anasema ni jini, kasomewa, kapewa kombe, anatulia siku kadhaa halafu yaleyale. Mume wangu amechoka, anasema likizo hii anamfungia ndani wiki nzima bila tone mpaka pombe imtoke mwilini. Jirani anasema kuna soba hausi, zile nyumba za kuwaachisha watu ulevi, wanakuja na gari usiku wanambeba mtu kwa nguvu.

Mimi nauliza, hii shida ni pombe au ni kitu kingine? Na tuanze na kipi? Mimi simchukii, nataka apone.

---

Chuma_Chakavu

Pole sana dada. Ila nikwambie ukweli, kila mtu hapa mjini kapitia mazito na sio wote wanaokunywa. Mnamlea. Mume wako yuko sahihi, afungiwe au aondoke akapange. Mkiendelea kumhurumia watoto wataona kulewa ni kawaida.

---

nesi_wa_zamu

mama_zuu kabla ya chochote naomba mumeo asome hii leo, asisubiri likizo. MSIMFUNGIE. Mtu anayetetemeka asubuhi na kutulia akishapata kidogo, mwili wake umeshaizoea pombe, na kumkatia ghafla bila uangalizi kunaweza kumuua. Sitishi watu, nafanya kazi wodi ya afya ya akili na hili naliona.

Pombe inapooza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu ubongo unajikaza kupambana na ule upoozaji ili aweze kutembea na kufanya kazi. Ukiiondoa ghafla unabaki ule mkazo peke yake. Ndani ya masaa machache, mara nyingi kuanzia 6 mpaka 24, inakuja mitetemo, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika. Degedege ikija huwa inakuja ndani ya siku 2 za mwanzo. Halafu kati ya siku ya 2 na ya 4 kuna wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu ambao hawapo, homa inapanda, na hiyo hatua isipotibiwa inaua. Sasa fikiria mtu ambaye tayari anaona Palma akifumba macho, umemfungia chumba giza halafu hayo yanamkuta humo. Mama mkwe atasema jini limekuja na mtampeleka kusomewa wakati anahitaji dripu.

Hospitali anapewa diazepam kwa kipimo kinachopunguzwa taratibu, anapewa vitamini B1 maana wanywaji wa kila siku inawaisha mwilini na ikiisha inaharibu ubongo, wanamwangalia presha na maji. Hizo dawa msiende kumnunulia wenyewe duka la dawa, diazepam na gongo vikikutana mtu anaacha kupumua usingizini.

Sasa swali lako, pombe au kitu kingine. Mimi siwezi kumpima mtu kwa simu lakini uliyoyaeleza, kurudishwa kwenye tukio usiku, kukwepa kuliongelea, kustuka kwa mlio, kulala na viatu mlangoni miaka imepita, ndo yale yale tunayoyatafuta kwa mtu mwenye msongo wa baada ya kiwewe, ile wazungu wanaita PTSD. Ni ugonjwa unaotambulika, uliingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa Marekani mwaka 1980 baada ya wanajeshi wao kurudi Vietnam na kuanza kuharibikiwa nyumbani, na wengi wao walikuwa wanakunywa vilevile kama shemeji yako. Ikizidi mwezi mmoja na inamvurugia maisha, haiondoki kwa kuambiwa sahau.

Na pombe ameikuta inamsaidia, hapo tusimdanganye. Inamlaza haraka na inazima zile picha. Ubaya wake ni kwamba inalaza nusu ya kwanza ya usiku tu. Ikishaanza kuisha mwilini, mida ya saa nane saa tisa usiku, usingizi unakatika, ndoto zinarudi zikiwa kali kuliko zilivyokuwa, moyo unadunda, na yeye anajua dawa moja tu ya hapo. Muulize mumeo hizo kelele za Kimakonde zinakuja saa ngapi.

---

mama_zuu

Nesi nimetetemeka kusoma. Saa tisa ndo saa zake kweli, kila siku, mpaka mwanangu mkubwa anaijua. Nimempa mume simu kasoma, kanyamaza muda mrefu halafu kasema basi hatumfungii. Asante sana.

---

Muzee_Uvira

Dada pole sana, na mimi naomba niseme kidogo.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Oktoba 1996 vita ilipoanza kwetu tulivuka ziwa Tanganyika tukaangukia Kigoma, ndipo Nyarugusu, mwaka ule ule kambi inafunguliwa. Dar nimefika baadae sana. Kambini niliona hii kitu kwa baba zetu na kaka zetu wengi. Mwanaume alikuwa na shamba, na ng'ombe, na jina kijijini, sasa anapanga foleni ya unga na hana ruhusa ya kwenda kufanya kazi mbali. Usiku anasikia risasi ambazo hakuna mtu mwingine anazisikia. Na pombe iko hapo hapo mlango wa pili, kwa sababu wamama walipika pombe ili wapate hela ya sabuni na ada, walijua kupika kasiksi, pombe ya ndizi, toka nyumbani, na hiyo kanyanga, pombe kali kama gongo. Kwa hiyo mama anapika ili watoto wale na baba wa jirani anakunywa ili alale, na wote wawili ni watu wa vita ile ile. Nilisikia kwa ndugu zetu wa Gulu, Uganda ya kaskazini, wakati wa vita ya waasi wa Kony ilikuwa hivyo hivyo, watu zaidi ya milioni 1.5 wamewekwa makambini na kazi ya mwanaume ikabaki kunywa. Kwa hiyo kijana wenu si mtu mbovu na si wa kwanza.

Nilichotaka kueleza ni hiki. Kaka yangu mkubwa alikunywa kambini mpaka ini likamuondoa, na kila mtu aliyekuja kumsaidia alimnyang'anya chupa tu. Mchungaji alinyang'anya, mke alinyang'anya, mimi nilinyang'anya. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Kumnyang'anya mtu chupa na usiku wake ukauacha vile vile ni kumuezulia paa masika.

Binamu yangu yeye yuko Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, na alipata bahati tofauti. Kule kuna njia wajerumani wa chuo cha Konstanz waliileta, na waliofundishwa kuifanya walikuwa wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari. Binamu ananieleza walimtandikia kamba chini, kamba ni maisha yake toka kuzaliwa. Pale palipokuwa na jambo zuri anaweka ua, palipokuwa na jambo baya anaweka jiwe, kubwa au dogo yeye ndo anajua. Kisha siku zingine wanaanza kutembea na ile kamba, anasimulia kila jiwe pole pole kwa mpangilio, lilianza nini likafuata nini, alisikia harufu gani, alikuwa amevaa nini, na mwenzake anaandika. Wakikutana tena anasomewa alichosema, anasahihisha, wanaendelea na jiwe lingine. Mwisho anapewa maisha yake yameandikwa kwenye karatasi. Anasema kitu kilichomshangaza ni kuona maua. Alikuwa amesahau kama kulikuwa na maua kabla ya 1996. Na jiwe lile kubwa lilipopata mwanzo na mwisho, likawa jambo la zamani, halimfuati tena jikoni.

Pombe hakuiacha siku ile, aliipunguza, akarudia, akapunguza tena. Leo anafuga nguruwe, ana wajukuu.

---

binti_mwera

Sisi watu wa kusini tunalijua hili mbona. Oktoba 2020 wale magaidi walivyovuka Ruvuma wakaingia Kitaya, upande wetu huu wa Mtwara, nyumba zilichomwa na watu walikufa, na kuna ndugu zangu mpaka leo jua likizama hawawezi kwenda shambani. Hakuna aliyekuja kukaa nao na kuwauliza mnalalaje, watu walipewa mahindi na mabati basi. Halafu mabibo yanaanguka bure msimu mzima, uraka bei ya kutupa. Mnategemea nini.

Naomba niulize, dua zisitishwe? Maana mimi naona kijana aliyekuwa anaadhini halafu leo ananuka nipa anaona Mungu kamtupa, hiyo nayo ni maumivu.

---

nesi_wa_zamu

binti_mwera dua ziendelee, tena mumpate imamu mwenye hekima amwambie kwa mdomo wake kwamba mgonjwa anapokelewa. Aibu inawaua hawa watu. Anakunywa, anaona aibu ya kunywa, hawezi kuingia msikitini, anabaki peke yake na watu pekee wasiomsema wako kilabuni. Ninachopinga ni kusomewa badala ya hospitali, na ninapinga kabisa kuchapwa, kufungwa kamba na kukalishwa njaa eti kitu kimtoke. Mtu aliyeponea mikononi mwa watu wenye silaha ukimshika kwa nguvu usiku na kumpakia kwenye gari, unamrudisha kulekule. Kwa hiyo mama_zuu hiyo ya kuja kubebwa na gari sahau.

Soba hausi zipo nzuri, sizikatai, ila nyingi zilianzishwa kwa ajili ya vijana wa unga, yaani heroini, na sio wote wanajua kumtoa mtu kwenye pombe au kuishi na mtu mwenye kiwewe. Ukienda kuulizia uliza nani anakuwepo usiku mtu akishikwa degedege, na uliza kama wanapiga. Na watu wengi wanachanganya zile kliniki za metadoni za hapa Dar, Muhimbili ilianza 2011 halafu Mwananyamala na Temeke zikafuata, metadoni ni kwa waraibu wa heroini, haitibu pombe. Msiende kupanga foleni ile mkakata tamaa.

---

Chuma_Chakavu

Nimewasoma wote na nimejifunza hilo la kufungia, sikulijua. Lakini nina swali nesi na ninauliza kwa nia njema. Si aache pombe kwanza, akili itulie, ndo atibiwe hayo ya vita? Utaongea nini na mtu amelewa?

---

nesi_wa_zamu

Swali zuri kabisa na ndivyo hata hospitali zilivyokuwa zinafanya miaka mingi. Ukienda kwa watu wa ulevi wanakwambia acha kwanza kisha nenda kwa watu wa kiwewe, ukienda kwa watu wa kiwewe wanakwambia njoo ukiwa umeacha. Mtu anazungushwa mlango huu na mlango ule mpaka anapotea. Na kwa mtu kama shemeji ni kumuomba aache kitu pekee kinachomlaza, halafu akae na zile ndoto miezi kadhaa akiwa hana chochote, kama zawadi ya kustahili matibabu. Wachache sana wanaweza.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha ukitibu vyote kwa pamoja, mtu huyohuyo na mhudumu huyohuyo, kiwewe kinapungua na unywaji hauzidi kama tulivyokuwa tunaogopa. Kule Lusaka walifanya na familia ambazo baba anakunywa na nyumbani kuna kupigana, waliofundishwa kutoa tiba ni watu wa kawaida wa mtaani chini ya usimamizi, na pombe ikapungua na vipigo vikapungua. Ni kweli siku ya kikao asije amelewa chakari, na ile wiki ya kumtoa kwenye pombe inatangulia kwa sababu ya usalama wa mwili. Lakini kutangulia wiki sio kutangulia mwaka. Hiyo wiki ikiisha, huku anaanza kufundishwa cha kufanya saa tisa usiku bila chupa, anatulizaje pumzi, anajuaje kwamba yuko Mbagala na sio Palma, na huku kamba ya Muzee_Uvira inaanza kutandikwa.

Kuna dawa pia, sertraline ni mojawapo, inashusha ule mstuko na mawazo, ila inachukua wiki kadhaa kufanya kazi kwa hiyo asiitupe siku ya tatu akisema haisaidii.

---

temeke_kwetu

Mimi naongezea upande wa namna ya kumuingia, maana hapo ndo familia nyingi tunakwama.

Kaka yangu ni mwanajeshi mstaafu, alikuwa Kongo na jeshi la umoja wa mataifa, na yeye alirudi mzima lakini wenzake aliokula nao sahani moja walibaki Semuliki Desemba 2017, kambi yao iliposhambuliwa. Nyumbani tulimpokea kwa ngoma na yeye akawa anakaa nyuma ya nyumba na chupa. Ukimwambia unakunywa sana anajibu mimi mwanaume nimetoka vitani we unaniambia nini. Ukimwambia una ugonjwa wa akili ndo kabisa, anahama. Siku shangazi yetu, mama mtu mzima hana elimu yoyote, alimwambia tu, mwanangu naona hulali, twende tukatafute usingizi, hakubisha. Alikubali kwa sababu alikuwa amechoka kukosa usingizi, hajachoka pombe. Kwa hiyo mama_zuu msianze na pombe. Anzeni na usingizi, ndo mnachokubaliana nae wote. Na msiongee nae jioni akiwa amekunywa wala asubuhi ile ya mitetemo, tafuteni ile saa ya katikati akiwa ametulia.

Na msimlazimishe kusimulia Palma hapo sebuleni. Kaka yangu kuna mtu alimkalisha siku moja eti toa yote utapona, alikunywa wiki nzima mfululizo baada ya hapo. Akitaka mwenyewe kusema mumsikilize, msimkatishe na msimwambie afadhali wewe ulitoka.

---

nesi_wa_zamu

Naunga mkono temeke_kwetu neno kwa neno. Hata Shirika la Afya Duniani halishauri kumkalisha mtu mara moja na kumkamua tukio zima, kusimulia kunatibu kukiwa na mpangilio na mtu wa kumshika mkono mpaka mwisho.

---

mama_zuu

Jamani nimerudi. Mume wangu kaongea nae leo mchana, mimi nilikuwa jikoni nasikia. Kamwambia kama temeke_kwetu alivyosema, mdogo wangu hulali na mimi silali kwa sababu yako, twende hospitali. Kanyamaza. Halafu kauliza, wataniuliza ya mjomba? Mume kamwambia hakuna wa kukulazimisha. Kasema basi nitakwenda lakini sio peke yangu, na mama asiambiwe.

Sasa nisaidieni. Tunaenda wapi tukitokea Mbagala, hela hatuna ya maana, na siku hiyo asubuhi asinywe? Maana akinusa harufu si watamfukuza.

---

nesi_wa_zamu

Alhamdulillah. Nitakujibu kwa harakaharaka niko zamu.

Kwenu karibu ni hospitali ya rufaa ya mkoa Temeke, ulizeni kliniki ya afya ya akili, ikibidi kupelekwa juu wao watamwandikia Muhimbili idara ya magonjwa ya akili. Hela ikiwa shida usirudi nyumbani, uliza ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali, kazi yao ni pamoja na kushughulikia wasio na uwezo. Kama kitambulisho kipo abebe.

Asubuhi hiyo asijikatie pombe ili aonekane msafi, narudia, aje alivyo. Akipiga kidogo cha kumtuliza mitetemo waambieni wazi, hatafukuzwa, na wanatakiwa kujua anakunywa nini na kiasi gani kwa siku. Wewe na mumeo muandike kabla, gongo glasi ngapi, vichupa vingapi, mara ya mwisho kunywa saa ngapi, kama aliwahi kuanguka degedege, kama kuna dawa anatumia. Gongo hasa lisemeni, msione aibu, maana linaweza kuwa na sumu inayopofusha macho na daktari atataka kumuangalia. Watamuuliza maswali 10 ya unywaji, yapo kwa Kiswahili, jumla ya alama ni 40 na kuanzia 8 ndo wanaanza kushtuka, asikasirike ni ya kila mtu.

Semeni pia habari ya Palma kwa kifupi, alikuwepo Machi 2021, basi, msiposema watatibu pombe peke yake na kumrudisha. Mumeo muulize kwa upole kama shemeji amewahi kusema hataki kuishi, na kama ndiyo daktari aambiwe siku hiyohiyo, na nyumbani vitu kama dawa za panya muondoe sasa hivi.

Na kabla ya siku hiyo ikitokea amekosa pombe mwenyewe, hela imeisha au vipi, akaanza jasho jingi, kuchanganyikiwa, kuona vitu au kukakamaa, hiyo sio ya kusubiri kliniki, ni emajensi usiku huohuo.

---

mama_zuu

Nimeandika yote kwenye daftari la shule la Zuu. Dawa ya panya nilikuwa nayo chini ya kabati nimeitoa. Tunakwenda Jumatatu, mume kaomba ruhusa kazini. Muzee_Uvira naomba nikusumbue pm, nataka nimuulize binamu yako kitu kuhusu ile kamba, kama mtu anaruhusiwa kuliacha jiwe moja mpaka awe tayari.

---

Muzee_Uvira

Karibu dada, niandikie saa yoyote. Binamu yangu aliliacha lile kubwa karibu mpaka mwisho na hakuna aliyemkemea.